Yadi zako zinapotelea usoni mwa draiva

Swali: Nina miaka 51, nacheza gofu Dar es Salaam, handikapu (mapigo ya nafuu) 20, napiga mkono wa kulia. Draiva yangu (fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza) ni ya nyuzi 9, shafti (mpini) ngumu ya inchi 46. Nilipimwa kwa mashine nikapata wastani huu: kasi ya fimbo maili 88 kwa saa, kasi ya mpira maili 121, mpira unaondoka kwa pembe ya nyuzi 9, unazunguka mara 3,700 kwa dakika na kutua yadi 176. Mara nyingi unakata kulia. Mgongo hauniruhusu kujifunza swingi (namna ya kuzungusha fimbo) mpya, na hii nimeshaizoea. Je, ninaweza kuongeza yadi bila kuibadilisha?

Jibu: Unaweza, na namba zako zenyewe zinaonyesha wapi pa kuzitafuta. Gawanya 121 kwa 88, unapata 1.375. Hicho ni kipimo cha namna kasi ya fimbo inavyohamia kwenye mpira. Kwa draiva inayokubalika kisheria dari yake ni kama 1.50, na mchezaji wa kawaida anayegonga vizuri hufika 1.45 au 1.46. Wewe ukifika 1.46 kwa kasi hiyohiyo ya 88, mpira utatoka kwa maili 128 hivi. Kila maili moja ya kasi ya mpira ni karibu yadi 2 hewani, kwa hiyo hapo tu kuna kama yadi 14 ambazo swingi yako tayari inazitengeneza lakini hazifiki kwenye mpira. Bado hatujagusa ule mzunguko wa 3,700 na pembe ya nyuzi 9, ambazo kwa kasi yako ni mchanganyiko mbaya: mpira unaondoka chini, kisha unajinyanyua, unasimama hewani na kudondoka kama embe.

Kwa hiyo swingi iache. Tutashughulika na yale yanayotokea kabla hujaanza kuvuta fimbo nyuma, na kidogo na fimbo yenyewe. Na tafadhali usikimbilie dukani kununua draiva mpya. Sheria zimeweka kikomo cha ukubwa wa kichwa, sentimita za ujazo 460, na kikomo cha jinsi uso unavyoruhusiwa kurusha mpira kama springi. Draiva ya miaka 10 iliyopita nayo iligonga dari hilohilo.

Anza kwa kujua unapigia wapi. Chukua chaki ya shule, paka uso wote wa draiva, piga mpira mmoja, angalia duara lililofutika. Kama chaki haipo, weka nukta nene ya kalamu ya ubao mweupe nyuma ya mpira, upande utakaokutana na fimbo. Wino utahamia usoni. Piga mipira 10, na kila baada ya mpira angalia alama, iandike, futa, paka tena. Usipige yote 10 halafu ndipo uangalie, maana alama zitapandana na hutajua ipi ni ya mpira uliokata na ipi ni ya ule ulionyooka. Ukimaliza zoezi futa uso mpaka ukauke: kuingia kwenye mashindano na kitu ulichopaka usoni ili kubadilisha jinsi mpira unavyotoka ni kosa.

Kwa namba ulizotuma, ningetarajia alama zako ziwe chini ya katikati na kuelekea kisigino, yaani upande wa shafti. Hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Uso wa draiva si bapa kama ubao. Umebinuka kutoka juu kwenda chini na kutoka kisigino hadi nchani. Chini ya katikati lofti, yaani nyuzi za mlalo wa uso, ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye soli (kitako cha fimbo), kwa hiyo mpira huondoka chini. Zaidi ya hayo, ukigonga chini, kichwa cha fimbo hujipinda kidogo kuelekea mbele, na mpira, kama gia mbili zinazozungushana kinyume, huongezewa mzunguko wa nyuma. Ukigonga milimita 6 hadi 10 juu ya katikati mambo yanageuka: lofti inaongezeka, mzunguko unapungua. Swingi ileile, kasi ileile, mpira mwingine kabisa. Kwa ubavuni gia inafanya kazi hivyohivyo. Alama ya kisigino humpa mpigaji wa mkono wa kulia mpira unaokata kulia; alama ya nchani huurudisha kushoto. Huenda nusu ya ule mkato unaoulalamikia haitoki kwenye mikono yako, inatoka kisiginoni mwa fimbo.

Dawa ya kisigino mara nyingi ni ndogo mno hata watu hawaiamini: umesimama karibu sana, au uzito wako uko visiginoni wakati wa kujipanga halafu unaangukia vidoleni wakati wa kupiga, na mikono inasukumwa mbele pamoja na mwili. Simama uzito ukiwa katikati ya nyayo, pale unapofunga kamba za viatu, mikono ikining'inia moja kwa moja kutoka mabegani. Kisha rudi nyuma sentimita 2 na upige mipira 5 yenye chaki. Alama zikihamia katikati, umemaliza kazi hiyo.

Sasa kijiti cha tii, kile kinachobeba mpira. Hapa ndipo wachezaji wengi wa klabu wanapojinyima, na sababu ni za kibahili kuliko za kiufundi: watu huokota vijiti vifupi vilivyoachwa kwenye mashimo mafupi, ya par 3, wakavitumia na draiva. Kijiti cha milimita 40 kikishazama ardhini mpira unakaa chini, na mpira uliokaa chini hauwezi kukutana na sehemu ya juu ya uso isipokuwa fimbo ipite chini ya ardhi. Tafuta vijiti vya milimita 83. Kitie ardhini hadi ibaki kama sentimita 4 kati ya majani na kitako cha mpira. Weka soli ya draiva chini nyuma ya mpira, inama, tazama kwa ubavuni: nusu ya mpira inapaswa kuwa juu ya paa la fimbo. Ukishapata urefu huo, chukua kalamu, chora mstari kwenye kijiti pale kinapokutana na ardhi, na uchore vijiti vyako vyote hivyo. Macho hudanganya, hasa ardhi ikiwa imeinama au asubuhi yenye umande, lakini mstari haudanganyi. Sheria inaruhusu kijiti hadi inchi 4, kwa hiyo huna wasiwasi wowote hapo.

Utasikia mtu akikuambia kwamba tii ndefu huleta mipira ya kwenda juu kama moshi. Angalia paa la draiva yako. Ukiona mikwaruzo myembamba karibu na ukingo wa mbele, rangi imechubuka, basi tayari unakata mpira kutoka juu kama mtu anayepasua kuni, na tii ndefu imekuonyesha tu kosa lililokuwepo. Ukishusha tii kosa linafichika, haliondoki. Linabadilika kuwa mzunguko wa 3,700.

Na hapo tumefika kwenye kiini. Mzunguko wa nyuma hautokani na lofti peke yake. Unatokana na tofauti kati ya lofti iliyopo usoni wakati wa kugonga na njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita, kikiwa kinashuka au kinapanda. Chukulia fimbo yako inashuka kwa nyuzi 4 na uso una lofti ya nyuzi 11 wakati wa kugonga. Tofauti ni 15. Mpira utafuata zaidi uso, uondoke kwa karibu nyuzi 9, kama mashine ilivyokuonyesha, na mzunguko utakuwa mkubwa. Sasa chukulia fimbo inapanda kwa nyuzi 3 na uso una nyuzi 15. Tofauti ni 12 tu. Mpira unaondoka kwa nyuzi 13, juu zaidi, na bado unazunguka kidogo kuliko ule wa fimbo inayoshuka. Kwa kasi ya fimbo ya maili 88 hadi 90, kutoka kushuka nyuzi 5 hadi kupanda nyuzi 5 kunaweza kukupa yadi 20 hewani bila nguvu hata tone. Wachezaji wa kike wa kulipwa wa Marekani, ambao kasi yao haiko mbali sana na yako, kwa wastani hugonga draiva ikiwa inapanda. Wanaume wa kulipwa hawalazimiki. Wana kasi ya kupoteza.

Namna ya kuifanya fimbo ipande bila kugusa swingi ni hii: peleka mpira mahali ambapo swingi yako tayari imeanza kupanda. Kila swingi ina sehemu yake ya chini kabisa. Ukiweka mpira kabla ya hapo utaukata kutoka juu. Ukiuweka baada ya hapo utaunyanyua.

Panua miguu kidogo kuliko mabega. Mpira uwe usawa wa upande wa ndani wa kisigino cha kushoto, au ukipenda, usawa wa kwapa la kushoto. Halafu uti wa mgongo uelemee nyuma, mbali na unakolenga. Kipimo chake: simama kama unapiga, shikilia draiva kwa mkono mmoja, gripu (sehemu ya kushikia) ikiwa kifuani na shafti ikishuka kupitia kwenye buckle ya mkanda wako hadi katikati ya miguu. Sasa shusha bega la kulia taratibu, bila kusogeza nyonga kulia, mpaka shafti iguse paja la kushoto kwa ndani. Basi, papo hapo. Rudisha mikono kwenye gripu bila kupoteza mwelemeo huo. Utahisi bega la kulia liko chini kuliko ulivyozoea na kichwa kiko nyuma ya mpira. Mara ya kwanza itaonekana ajabu kabisa.

Kuna makosa mawili yatakayokujia hapa. La kwanza: mpira ukisogezwa mbele, mabega huufuata. Bega la kulia linatoka nje, mabega yanaelekea kushoto ya lengo, fimbo inapita kutoka nje kuja ndani, na mpira unakata kulia kuliko mwanzo. Wengi hujaribu hatua hii, wakaona mkato umezidi, wakaurudisha mpira katikati na kuapa kwamba haifai. Ulaze ufito au fimbo nyingine kwenye kifua chako baada ya kujipanga, mwombe kedi wako (mbeba fimbo) aangalie inaelekea wapi. Ielekee lengo au kulia yake kidogo tu. Bega la kulia lishuke, lisitoke mbele. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kosa la pili ni kubaki nyuma. Mwelemeo ni wa kujipanga. Wakati wa kupiga, uzito bado unahamia mguu wa kushoto kama ulivyozoea, na unamaliza ukiwa umesimama juu yake, kidole cha mguu wa kulia kikigusa tu ardhi. Ukining'inia mguu wa kulia ili "kuunyanyua" mpira, fimbo itachimba nyuma ya tii au itapiga kichwa cha mpira. Mgongo wako pia hautakushukuru.

Zoezi la kuhakikisha: laza chini kiboksi cha mipira 3, kitupu, sentimita 30 mbele ya tii kwenye mstari wa lengo. Piga mpira bila kukigusa. Fimbo inayopanda itapita juu yake; inayoshuka itakirusha. Kiboksi ni cha karatasi, hakitaumiza kitu. Usiweke chupa ya maji wala kitu kigumu. Mipira 15 kwa siku, mara mbili kwa wiki, inatosha. Ukichoka utaanza kupasua kuni tena.

Baada ya hapo ndipo tuiangalie fimbo. Nyuzi 9 kwa kasi ya 88 ni lofti ya kujivunia, si ya kufikia mbali. Kasi yako inataka kati ya 10.5 na 12. Kama shingo ya draiva yako inarekebishwa, legeza skrubu kwa ufunguo wake, weka kwenye alama ya kuongeza lofti kwa 1 au 1.5, kaza mpaka ufunguo ulie "tik" na si zaidi. Kwenye fimbo nyingi ukiongeza lofti kwa njia hii uso pia unafunga kidogo kuelekea kushoto, na kwa mtu ambaye mpira wake unakata kulia hiyo ni zawadi juu ya zawadi. Ukishusha lofti unaufungua uso. Ndiyo maana mtu mwenye mkato anayeshusha lofti "ili mpira usipande sana" huishia porini. Lakini fuata mpangilio: kwanza fimbo ipande, kisha ongeza lofti. Ukiongeza lofti wakati bado unashuka, ule mzunguko wa 3,700 utazidi.

Urefu: inchi 46 ndio mwisho ambao kamati za mashindano zinaweza kuweka tangu 2022, na wachezaji wengi wa kulipwa wanatumia fupi kuliko hiyo. Shika gripu inchi 1 chini ya mwisho wake. Unaweza kupoteza maili 1 ya kasi ya fimbo, na hiyo ni kama yadi 2 au 3, lakini alama za chaki zikikusanyika katikati unarudishiwa mara kadhaa. Shafti ngumu nayo huenda haikufai kwa 88. Jaribu ya kawaida ya gramu 50 hadi 60 kabla hujaamua. Usikate shafti kwanza. Kushika chini ni bure na kunarudishika.

Gripu zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki. Jasho la Dar likichanganyika na mafuta ya kujikinga jua hugeuza raba kuwa kioo, na mkono ukihisi fimbo inateleza hubana zaidi. Kwenye kipimo cha 1 hadi 10, bana kwa 4. Anayebana kwa 8 amefunga viwiko, na kiwiko kilichofungwa hakizalishi kasi.

Mipira: ile inayovuliwa bwawani na kuuzwa kwa bei ya chee ni bahati nasibu. Uliokaa majini siku mbili na uliokaa miezi mitatu unafanana kwa macho, lakini wa pili umepoteza uhai. Ule wenye rangi mpya juu ya mikwaruzo ya zamani ni mbaya zaidi. Hata mipira ya renji (uwanja wa mazoezi) mara nyingi haifiki mbali, kwa hiyo usijipime nayo. Tumia mpira wa aina moja, usio na mikwaruzo, ukiwa unafuatilia maendeleo.

Kuhusu hewa, nina hakika ukienda Arusha au Nairobi unajiona umekuwa kijana. Ni mwinuko. Kwa kukadiria, Arusha inaongeza asilimia 5 hivi, Nairobi karibu 7, kwa hiyo yadi zako 176 za pwani zinakuwa 185 na 188 bila jasho. Nairobi lakini viwanja vingi vina majani ya kikuyu yanayoushika mpira ukitua. Kule umbali wa hewani ndio wote. Na lile neno la kwamba unyevu wa pwani unaifanya hewa iwe nzito si kweli: hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu ya joto hilohilo. Kinachokula yadi zako Dar ni kuwa usawa wa bahari, na upepo. Kusi au kaskazi ukikujia usoni, usipige kwa nguvu zaidi, maana kwa swingi ya haraka ya kukata kutoka juu unaongeza mzunguko, na mpira unaozunguka sana dhidi ya upepo hupaa na kurudi. Piga ilivyo, kwa tii yako ileile yenye mstari.

Kasi yenyewe naiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ya mgongo. Geuza ncha ya mguu wa kulia nje nyuzi 20 hivi na uruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke wakati wa kuvuta nyuma. Nyonga zitazunguka zaidi na kiuno kitabeba kidogo. Kabla ya tii ya kwanza tembea haraka dakika 5, zungusha mabega na nyonga, kisha fanya swingi tatu bila mpira, kila moja haraka kuliko iliyotangulia. Daktari wako akiwa na neno kuhusu mgongo, lake litangulie langu.

Namna ya kupima: piga mipira 10 kwa chaki, hesabu alama zilizoingia ndani ya duara la ukubwa wa kizibo cha soda lililochorwa juu kidogo ya katikati ya uso. Leo huenda ni 2 au 3. Zikifika 6, rudi kwenye mashine ileile uliyopimwa nayo, na angalia kasi ya mpira kwanza kabla ya yadi. Ikisoma 127 au zaidi na mzunguko uko chini ya 3,000, hapo unaweza kuanza kufikiria shafti mpya. Ikibaki 121 na alama ziko mahali pake, kagua uso wa fimbo yako kwa kucha: mstari mwembamba unaokwaruza ukucha na sauti ya kufa unapogonga maana yake uso umepasuka, na fimbo hiyo haina tena cha kukupa.